Daftari la Kabla ya Ushuhuda

 

Jumapili ukiketi viti vya nyuma katika makanisa ya hapa Dodoma mjini, iwe ni Kanisa Kuu la Anglikana lile lenye kuba, iwe ni chini ya turubai huko Nkuhungu, utaona jambo ambalo wazee wetu hawakulizoea. Mahubiri yakianza tu, vijana wanafungua mikoba, wanatoa kaunta buku na kalamu. Wanaandika kichwa cha somo, wanaandika mistari, wanaandika hoja za mchungaji kwa namba. Wengine wana kaunta buku kadhaa zilizojaa nyumbani. Nalipenda jambo hili, wala silibezi hata kidogo. Lakini leo sizungumzii daftari hilo, kwa sababu daftari la mahubiri ni sauti ya mchungaji kwa mwandiko wako. Nazungumzia jingine, lile linalokaa kando ya Biblia nyumbani, ambalo sauti iliyomo ni yako mwenyewe.

Wapo walio nalo, na wapo wengi zaidi waliowahi kuwa nalo. Walilianza sekondari, kwenye UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, walipofundishwa muda wa utulivu: unaamka kabla ya wenzako bwenini, unasoma sura, unaomba, unaandika mistari michache. Wakamaliza shule, wakaenda chuo, wakaajiriwa, wakahamia huku makao makuu na ofisi zao, na daftari likabaki kwenye tranka kwa mama. Ukiwauliza kwa nini waliacha watakwambia ni muda, na mimi siamini kwamba ni muda. Muda wa kusoma ujumbe wa simu asubuhi kabla ya kuoga wanao. Naamini waliacha kwa sababu kila walipofungua daftari walijiona wanapaswa kuandika ushuhuda, na siku nyingi hawakuwa nao.

Hapo ndipo nataka tukae leo.

Sisi wa kanda hii ya kati ni watu wa ushuhuda, na hilo lina historia yake. Uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda miaka ya 1930 uliingia Tanganyika kwa upande wa magharibi ya Ziwa Viktoria, na ukatufikia huku Ugogo. Festo Kivengere, ambaye wengi wanamjua kama askofu wa Kigezi aliyemkimbia Idi Amin mwaka 1977, alikuwa mwalimu hapa Dodoma miaka ya 1940 na 1950. Alifundisha shule ya Alliance, ile iliyokuja kuitwa Mazengo, ambayo majengo yake sasa ni ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Walokole, watu wa uamsho huo, walifundisha watu kusimama mbele ya wenzao na kusema walikotoka, kuitaja dhambi kwa jina lake, na kurudisha walichoiba. Ulikuwa ujasiri mkubwa. Katika jamii ambayo mtu mzima hasemi aibu yake hadharani, mwanamume alisimama akasema, "Ng'ombe yule hakuwa wangu." Kanisa la Ugogo lilikua kwa shuhuda za namna hiyo, na hadi leo ibada isiyo na ushuhuda inatuacha na njaa.

Lakini ushuhuda una tabia yake. Husemwa jambo likiisha. Anayesimama mbele anaujua mwisho, basi yote yaliyotangulia anayapanga yaelekee huko. Miezi minane ya kukesha wodini na mtoto inakuwa kauli moja: "Nilipita mahali pagumu, lakini Mungu ni mwaminifu." Nasi tunaitika Amina, na tunayo haki ya kuitika. Ila ile miezi minane imekwenda wapi? Kuna Jumanne moja katikati yake mama huyu alifungua Biblia akasoma habari za binti wa Yairo aliyefufuliwa, akaifunga, akageukia ukutani. Jumanne hiyo haikutajwa kanisani na haitatajwa kamwe. Wala simlaumu. Mimbari si mahali pake.

Mahali pake ni daftari. Ushuhuda husemwa ghala likiwa limejaa. Daftari huandikwa Februari, mvua imekatika, mtama umesinyaa, na hakuna ajuaye kama mawingu yale yatasimama au yatapita. Anayeandika hajui mwisho. Kwa sababu haujui, hana namna ya kuyapamba yaliyopo. Ndiyo maana naliona daftari hili kuwa tendo la imani, tena imani ngumu kuliko ile ya kusimama Jumapili na kipaza sauti.

Msidhani ninazua. Ichukueni Biblia yenyewe mwone ilivyotunza kurasa za watu wasiojua mwisho. Zaburi za maombolezo ni nyingi, na karibu zote hugeuka: zinaanza kwa kilio, zinaishia kwenye sifa. Ya 88 haigeuki. Inaanza kwa kilio usiku na mchana na inaishia gizani, rafiki wote wamemwacha mwombaji. Waliokusanya Zaburi wangeweza kuiongezea mistari miwili ya shukrani ili isitutie hofu. Hawakuiongeza. Waliona sala iliyokwama nayo ni sala, wakaipa nafasi yake katikati ya nyingine 149.

Halafu someni Yeremia sura ya 20, na someni polepole. Nabii amepigwa na kutiwa kwenye mkatale. Anamlalamikia Mungu waziwazi kwamba ndiye aliyemwingiza katika kazi hii. Kisha mstari wa 13 anaimba sifa, kwa maana Mungu ameiokoa nafsi ya mhitaji. Tungekuwa kanisani tungedhani yamekwisha. Mstari wa 14, bila hata kuvuta pumzi, anailaani siku aliyozaliwa. Mtu wa ushuhuda angeyapanga upya: laana itangulie, sifa ifuate, watu waende nyumbani na furaha. Yeremia ameyaacha yalivyokuja. Kila aliyewahi kuuguza au kufiwa anajua kwamba ndivyo yanavyokuja, sifa saa nne asubuhi na laana saa saba mchana.

Na Habakuki je? Anaanza kitabu chake kwa kumwuliza Mungu atalia hata lini bila kusikilizwa. Anapanda kwenye lindo kungoja jibu. Akiwa pale ndipo anapoagizwa kuandika, aandike wazi kwenye vibao, kwa sababu jambo lenyewe bado lina wakati wake. Tazameni agizo la kuandika limekuja lini: wakati wa kungoja, kabla ya kutimia. Hata Ayubu, alipotamani maneno yake yaandikwe kitabuni, alitamani hivyo akiwa kwenye majivu, sura ya 19, mali ilikuwa haijarudi wala ngozi haijapona.

Sasa niwapeleke Tabora, maana kuna mtu katika nyanda zetu hizi za kati aliyesoma Biblia na kuandika kila siku, na karatasi zake zimebaki. Nje kidogo ya mji wa Tabora, Kwihara, ipo tembe ambayo leo ni makumbusho. David Livingstone alikaa humo mwaka 1872, kuanzia Februari hadi Agosti. Najua jina hili halipendwi na wote, na wanaosema njia zake zilikuja kutumiwa na wakoloni wanasema kweli. Leo sizungumzii ramani zake, nazungumzia daftari zake.

Kabla ya kufika Tabora alikuwa amekwama Manyema, mashariki ya Kongo ya leo, akiwa na vidonda vya miguu visivyopona kwa miezi mingi. Huko, kwa maelezo yake mwenyewe, aliisoma Biblia yote mara nne. Karatasi zikamwishia. Akachukua gazeti kuukuu la London, akaandika juu ya maandishi yaliyochapwa, akikatiza mistari, kwa wino aliotengeneza kutokana na mmea wa hukohuko. Wino ule ulififia hata kurasa zikawa hazisomeki tena. Kufikia mwaka 2011 wataalamu walikuwa wamezipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, na maneno yakatokea.

Yalipotokea, jambo moja likaonekana. Julai 15, 1871, Livingstone alikuwa sokoni Nyangwe, kando ya mto Lualaba, watu wa msafara wa wafanyabiashara walipofyatua bunduki katikati ya soko na kuua mamia ya watu, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vyakula. Aliandika siku zilezile kwenye vipande vya gazeti. Baadaye, alipopata karatasi nzuri, aliyanakili kwenye daftari kubwa la kumbukumbu, na daftari hilo ndilo lililochapishwa baada ya kufa kwake. Yakilinganishwa maandiko hayo mawili, hayafanani kila mahali. Katika kunakili alipunguza, akarekebisha, hasa habari za mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe. Sitaki kumhukumu mtu aliyeona aliyoyaona. Nataka tu mwone kwamba kipande cha gazeti kilichoandikwa siku ile kinasema kitu ambacho daftari zuri la baadaye halikisemi. Kila mmoja wetu ananakili hivyo kichwani mwake, mwaka hadi mwaka, bila hata kujua. Ukiulizwa leo ulivyomwomba Mungu mwaka ule wa msiba, unasoma nakala.

Kuna kurasa nyingine mbili za Livingstone ambazo mimi huzirudia mara kwa mara. Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, aliondoka Tabora Machi 14, 1872, akamwacha. Siku tano baadaye, Machi 19, Livingstone alitimiza miaka 59. Aliandika sala fupi, akajitoa upya kwa Yesu, na akaomba kwamba kabla ya mwaka kwisha awe ameimaliza kazi yake. Kazi yenyewe ilikuwa kutafuta chanzo cha Naili. Machi 19 ya mwaka uliofuata ilimkuta kwenye vinamasi vya Bangweulu, mgonjwa. Akaandika tena. Alimshukuru Mungu kwa kumtunza mpaka siku ile, kisha akajiuliza kama bado anaweza kutumaini kufanikiwa, maana vikwazo vimekuwa vingi. Mei 1, 1873 alifariki. Chanzo cha Naili hakukiona, na wala hakikuwa upande ule alikokuwa akitafuta.

Hizo ni sala mbili za mtu mmoja, mwaka katikati, na jibu alilolitaka halikuja. Kwa ushuhuda wa Jumapili hakuna cha kusema hapo. Lakini mimi sijapata kusikia mahubiri juu ya kungoja yaliyonifundisha kuliko kurasa hizo mbili. Mwaka wa pili bado anashukuru, na mwaka wa pili hajifanyi kwamba haoni. Yote mawili yapo kwenye ukurasa mmoja.

Na tusimsahau aliyezifanya kurasa hizo zitufikie. Pamoja na Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, alikuwepo kijana Jacob Wainwright, Myao aliyechukuliwa utumwani utotoni, akaokolewa baharini, akasomeshwa na wamisionari huko Nasik, India. Alijiunga na msafara Tabora mwaka huo wa 1872. Bwana wao alipokufa, yeye ndiye aliyesoma ibada ya maziko ya moyo wake chini ya mti, akachonga maandishi kwenye shina, akaorodhesha vilivyomo kwenye masanduku. Naye alikuwa na daftari lake. Aliandika, kwa Kiingereza alichofundishwa, habari za safari ile ya kubeba mwili na makaratasi mpaka pwani, Februari 1874. Daftari hilo lipo hadi leo. Mtumwa wa zamani, mwenye kitabu cha sala mkononi na kalamu mkononi, njiani miezi mingi, hajui kama watafika au wataporwa. Nikitafuta babu wa kiroho wa wanaoandika katika nyanda hizi, simtaji Livingstone. Namtaja Wainwright.

Huku kwetu Ugogo kumbukumbu zimekaa zaidi vinywani. Wazee walihesabu miaka kwa njaa, na kila njaa ina jina. Iliyo kuu ni Mutunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kupita yakichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, na juu yake mvua zikagoma. Inakadiriwa watu wapatao 30,000 walikufa katika wilaya ya Dodoma ya wakati ule. Sasa fikirini. Kabla tu ya hapo wamisionari wa Kianglikana waliokuwa Mpwapwa, Mvumi na Kongwa walikuwa wamewekwa kizuizini na Wajerumani wakati wa vita. Makanisa yaliachwa mikononi mwa walimu wa Kigogo, na baadhi yao walipigwa na kufungwa. Ndio waliosoma Agano Jipya la Cigogo mbele ya watu kila Jumapili, na Mutunya ilipoingia watu walikuwa walewale. Mwalimu wa mwaka 1919 alisoma nini siku alipozika watoto watatu wa nyumba moja? Alichagua sura gani? Aliporudi kwake usiku alimwambia Mungu nini? Mimi ningetoa ng'ombe, tena mwenye ndama, nipate daftari la mwalimu mmoja tu wa mwaka ule.

Tumshukuru Mungu wapo walioamua kwamba ya kwetu yasiishie hewani. Mwalimu Ernest Kongola, mtu wa hapahapa Dodoma, baada ya kustaafu alikaa akaandika kwa Kiswahili historia ya ukoo wake na ya watu wake, juzuu baada ya juzuu. Mwaka 2006 kilitoka kitabu juu ya kazi yake, kilichoandikwa na mwanahistoria Gregory Maddox wa Marekani pamoja naye. Na kabla yake alikuwepo Mathias Mnyampala.

Mnyampala tumzungumzie zaidi kidogo, kwa sababu anatufundisha jinsi ya kuandika na Biblia ikiwa wazi. Alizaliwa mwaka 1917 Ihumwa, jirani na ulipo leo Mji wa Serikali wa Mtumba, Mgogo, Mkatoliki. Alifanya kazi serikalini mpaka akawa liwali, kisha hakimu. Wengi tunamjua kwa ngonjera, na kwa kitabu chake cha mwaka 1954 cha historia, mila na desturi za Wagogo. Kuna kazi yake ambayo makanisa yetu yameisahau. Aliichukua Injili akaitunga yote kwa utenzi, ikachapishwa Ndanda mwaka 1963. Akazichukua na Zaburi, akafanya vivyo hivyo. Alifariki mwaka 1969 akiwa ameandika pia habari za maisha yake mwenyewe.

Anayejua utenzi anajua kazi ilivyo. Kila mstari mizani nane, vina vitatu vinakubaliana, cha nne kinabeba shairi zima toka mwanzo hadi mwisho. Huwezi kuitia Zaburi humo kwa kuipitisha macho. Lazima uusome mstari, uuseme kwa sauti, uuulize unachotaka kusema hasa, uchague neno moja uache manne. Mtu mwenye kesi mezani na watu wanamngoja barazani, jioni anakaa na Daudi neno kwa neno. Hicho ndicho ninachokiita kusoma. Sura za Biblia ya vitabu 66 ni 1,189, na zipo ratiba za kuzimaliza zote kwa mwaka, tatu au nne kwa siku. Nina heshima kwa wanaozimaliza. Lakini ukimwuliza mtu jioni amesoma nini asubuhi akakutajia namba za sura tu, huyo alikuwa safarini, hakushuka kituo chochote.

Si kila mtu mshairi. Kunakili kila mtu anaweza. Kumbukumbu la Torati, sura ya 17, kuna sheria ya mfalme: akiketi kwenye kiti chake, ajiandikie yeye mwenyewe nakala ya torati, aisome siku zote za maisha yake. Mfalme hakukosa waandishi. Aliagizwa aandike mwenyewe. Basi mimi nawashauri wanaoanza, kabla ya kuandika la kwenu, nakilini mstari mmoja au miwili kwa mkono, taratibu. Wenzetu Wakatoliki wanayo masomo ya kila siku yamepangwa tayari, hawana haja ya kuhangaika waanzie wapi. Wengine wachukue Zaburi moja na kukaa nayo wiki nzima.

Baada ya mstari, andika tarehe na mahali. Andika jua au mvua. Msione ni upuuzi. Mwaka ukipita utashangaa jinsi neno "vumbi" au "umeme umekatika" linavyokurudisha pale ulipokuwa umekaa. Halafu andika ulichokiona kwenye mstari, si alichokuambia mtu. Halafu andika ulivyo. Kama umechoka, andika umechoka. Kama huamini leo, andika huamini leo, na uandike ukimwelekea yeye, kama Zaburi zinavyofanya, maana manung'uniko yanayomwelekea Mungu ni sala, na yanayozunguka kichwani tu ni manung'uniko. Nusu ukurasa inatosha. Na lugha iwe ile unayolilia. Kama msibani unalia kwa Cigogo, au Kirangi, au Kinyaturu, usijilazimishe Kiswahili cha ofisini, sembuse Kiingereza.

Nilikuwa Hombolo, nikazungumza na mzee mmoja wa kanisa juu ya haya. Nilimwamkia, akanikaribisha kigoda, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Mwanangu, Mungu si anajua yote? Ya nini kumwandikia?"

Nikamwambia, "Baba, yeye anajua. Mwenye kusahau ni mimi. Tena sisahau tu, nabadilisha."

Akafikiri. Akasema, "Basi mimi sina daftari, lakini njoo." Akanionyesha Biblia yake. Kwenye majani meupe ya mwanzo kulikuwa na tarehe za kuzaliwa watoto wake na za vifo vya wawili. Na pembeni ya mistari, hapa na pale, alama ya kalamu ya risasi na mwaka, basi. Nikauliza alama moja ni ya nini, pembeni ya Zaburi ya 13. "Huo mwaka mke wangu aliugua," akasema, "na nilikuwa sijui." Hakuwa na haja ya kumaliza. Nilikuwa sijui. Huyo tayari anaandika daftari, na limo ndani ya Biblia yenyewe. Wazee mnaonisikiliza ambao kalamu inawawia nzito, hiyo yawatosha: alama na mwaka.

Mambo mawili ya hatari niyaseme haraka. La kwanza, usiandike dhambi za wengine. Daftari lililojaa makosa ya mume, ya mkwe na ya mwenyekiti wa kwaya si daftari la sala, ni jalada la mashtaka, na siku likiokotwa nyumba inavunjika. Liandike lako katika jambo hilo. La pili, usijitazame mwenyewe mpaka Biblia ikawa kioo tu. Ndiyo maana nimesema mstari utangulie. Siku nyingine ukurasa mzima uwe wa mstari, na wewe uwe neno moja chini.

Na mahali pa kulitunza? Wanaoishi chumba kimoja wananielewa. Wengi siku hizi wanaandika kwenye simu, kuna namba ya siri. Sipingi, ila simu huibwa, huharibika, hubadilishwa, na maneno yakaenda nayo. Karatasi nayo Dodoma ina adui, mchwa. Msiweke daftari kwenye boksi la karatasi sakafuni, wala kwenye rafu ya mbao iliyogusa ukuta wa tope. Tranka la bati, lililoinuliwa juu ya matofali, lenye kufuli. Wahifadhi wa nyaraka watakuwa na njia bora zaidi. Hii ndiyo iliyo karibu.

Limebaki swali ambalo dada mmoja aliniuliza, na nadhani ni la wengi: nikifa, nani atasoma? Wapo wanaoagiza daftari zao zichomwe, na nawaelewa. Mimi nawasihi mfikiri kabla ya kuagiza hivyo. Watoto wetu watausikia ushuhuda wetu kwenye wasifu wa marehemu, siku ya maziko, ukiwa umenyooshwa kama shati la Jumapili. Wakija kupita mahali pao pagumu watadhani sisi hatukupita, au tulipita tukiimba. Kwa hiyo mimi kwenye jalada la ndani la kila daftari naandika jina la mtu mmoja wa nyumbani, na umri atakaoruhusiwa kulifungua. Nimeandika miaka 30. Kabla ya hapo sidhani atahitaji. Yapo machache niliyoyabandika karatasi juu yake kwa gundi, hayo ni kati yangu na Mungu. Yaliyosalia ni yake, pamoja na kurasa za mwaka ambao sala ile haikujibiwa, maana hadi leo ninapozungumza nanyi bado haijajibiwa, na bado naiandika.